Kaseti ya Bwana Mbaluka

Katika chuo cha walimu alikosomea Mwanaharusi, upande wa Thika, redio ya kaseti iliheshimiwa kuliko naibu wa mkuu wa chuo. Naibu wa mkuu ungeweza kukutana naye njiani mkasalimiana. Redio hukukutana nayo ovyo. Ilikaa ndani ya kabati la vioo kwenye chumba cha zana, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, na ufunguo wa kabati hilo ulining'inia shingoni mwa Bwana Mbaluka, chini ya tai.

Bwana Mbaluka ndiye aliyefundisha matumizi ya mashine darasani. Alikuwa mtu wa suti ya kahawia na kikohozi kifupi cha kujitangaza, na kila muhula aliwaonya wanachuo kwamba karne mpya iko mlangoni, na mwalimu asiyejua teknolojia ataachwa kwenye mataa. Maneno mazuri. Ila namna yake ya kufundisha teknolojia, Mungu amsamehe, ilikuwa hivi: alichora redio ubaoni, kubwa kama mlango, na vitufe vyake vyote. Wanachuo wakasimama mistari. Alipoamuru "Cheza!" kila mmoja alinyoosha kidole akabonyeza hewa. Alipoamuru "Simamisha!" wakabonyeza hewa kando kidogo. Aliyebonyeza hewa isiyo yake alirudishwa mwisho wa mstari.

Muhula ulipokaribia kwisha, aliitoa redio yenyewe, akaivua kitambaa, akatia kaseti aliyoirekodi kwa sauti yake mwenyewe nyumbani kwake. Iliitwa Safari ya Kahawa. Ikasema, "Watoto wapendwa, hamjambo?" Kisha akaizima.

"Tunalinda betri," alisema, akairudisha kabatini.

Mwanaharusi alikuwa bingwa wa kubonyeza hewa. Taabu yake ilianzia kwenye vitufe vya kweli. Alipotumwa mazoezi ya kufundisha mara ya kwanza, kule Kalimoni, alikabidhiwa redio na kaseti ya nyimbo za watoto, na mkaguzi alipoingia darasani alibabaika akabonyeza kitufe cha kurekodi. Nyimbo zikafutika. Mahali pake pakabaki sauti ya mkaguzi ikisema, "Ah-ah, mwalimu, unafanya nini?" Akaanguka mazoezi, na chuo kikamwambia atarudia mara moja tu. Akianguka tena, hakuna cheti, miaka yake miwili imekwenda na maji, na yeye abaki Majengo kumsaidia babake kuosha vikombe.

Babake, Mzee Rama, aliuza kahawa chungu kwenye baraza karibu na msikiti, pale Majengo ya Thika. Hakujua kwamba binti yake aliwahi kuanguka, kwa sababu Mwanaharusi alimwambia mazoezi yana awamu mbili. Mzee alikwisha kuacha kumwita kwa jina. Mbele ya wateja alimwita Mwalimu, na kwa sauti, ili hata mpita njia asije akakosa habari. Kila alfajiri alimjazia kahawa kwenye chupa ya chai ndogo ya buluu, akisema mwalimu asipokuwa na kitu cha moto sauti humpotea. Mwanaharusi aliipokea chupa ile kila siku, na kila siku ilimwia nzito zaidi.

Mara hii alipangiwa Gatongora, Ruiru, katika shule ya msingi iliyopakana na shamba kubwa la kahawa. Alipewa darasa la sita, somo la Kiswahili. Bwana Mbaluka alimkabidhi redio, na kitambaa chake, kwa mikono miwili kama mtu anayetoa mtoto abatizwe, na ndani yake ile Safari ya Kahawa.

"Mkaguzi wa nje ni Bi Wamboi," alimwambia. "Huyo mama hana mzaha. Asipoona mashine ikifanya kazi, wewe umekwisha, na mimi naambiwa somo langu halina faida. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Na ulinde betri."

Sasa, mazoezi ya kufundisha yana desturi yake, na aliyepitia anaijua. Mkaguzi haji na tarehe. Anaibuka. Kwa hiyo mwanachuo mwenye akili huwa na somo moja zuri analoliweka tayari, na gari lolote likisikika langoni, liwe la nani, somo alilokuwa akifundisha hutupwa kando na lile zuri huanza. Mwanaharusi alisaidiwa na mwenzake Njambi, aliyefundisha darasa lililotazama lango. Njambi alikuwa na macho makali na roho ndogo. Kila alipoona gurudumu alitoa kichwa dirishani akaita, "Gari!"

Na Gatongora magari yalikuwako. Lilikuja lori la mawe kutoka machimboni, dereva akiomba maji ya rejeta. Lilikuja gari la mkate. Akaja mtu wa kuuza vifaranga. Akaja mheshimiwa mmoja aliyepotea njia. Kila mara Njambi aliita "Gari!", Mwanaharusi alifuta ubao, akabonyeza kitufe, na Bwana Mbaluka akawauliza watoto kama hawajambo.

Siku ya kwanza, lori la mawe lilipokaa langoni kwa muda, ndipo Mwanaharusi aliposikia kaseti ile ikipita maamkizi. Nadhani ndiye mwanachuo wa kwanza katika historia kuisikia mpaka katikati. Bwana Mbaluka alisoma vizuri, polepole, kwa sauti ya mtu aliyevaa tai hata nyumbani. Kahawa huanza safari yake shambani. Huchumwa ikiwa nyekundu. Hupelekwa kiwandani ikamenywa, ikaoshwa, ikaanikwa. Hapo akakohoa kile kikohozi chake. Halafu, kutoka mbali ndani ya kaseti, sauti ya mwanamke ikapasua:

"Baba Mukonyo! Si nimesema chai inapoa!"

Na sauti ya Bwana Mbaluka, bila tai sasa, laini kama uji wa mtoto, ikajibu: "Nakuja, mama. Nakuja tu. Usikasirike." Kimya kidogo. Kisha: "Baada ya kuanikwa, kahawa hutiwa guniani."

Darasa zima lilipasuka. Mwanaharusi mwenyewe aliinama chini ya meza akijifanya anatafuta chaki. Kumbe mtu yule, kwa kulinda betri, hakuwahi kuisikia kaseti yake mwenyewe!

Kumwambia? Nani? Mwanachuo gani atakwenda kwa Bwana Mbaluka amwambie kwamba amemsikia akimbembeleza mkewe? Mwanaharusi alifanya mpango wake. Siku ya mkaguzi atasimama karibu na redio, kidole kwenye kitufe cha sauti, na kikohozi kikilia tu, atapunguza sauti na kukohoa yeye mwenyewe mpaka chai ipite. Alijifunza mahali hapo kama anavyojua Alhamdu. Wanafunzi nao walijifunza, lakini hilo hakulifikiria. Gari la mkate, gari la vifaranga, gari la mheshimiwa: kila gari liliwapa Baba Mukonyo, na wao walimngojea kwa hamu kuliko kengele ya saa nne.

Julai ikafika, na Julai ya Ruiru unaijua. Jua halionekani. Betri zilianza kuchoka. Mwanaharusi alifanya kama wafanyavyo watu wote wenye redio: akaziuma kidogo kwa meno, akazianika kwenye kizingiti cha dirisha. Lakini betri haianikiki kwa ukungu. Sauti ya Bwana Mbaluka ilianza kuwa nzito kila siku, mpaka Safari ya Kahawa ikawa kama inasimuliwa na mtu aliyelala nusu.

Asubuhi moja ya baridi Njambi akaita, "Gari!" Mwanaharusi alikuwa akifundisha methali. Akafuta ubao kwa uchovu, akiwaza ni mkate. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mfupi mwenye miwani na koti la sufu, na nyuma yake, amebana faili kifuani, Bwana Mbaluka mwenyewe.

"Habari ya asubuhi, darasa," alisema Bi Wamboi.

"Mzuri, Madam!"

"Endelea tu, Mwalimu. Sisi hatuko hapa." Wakaketi nyuma, kwenye dawati la wavulana warefu, magoti yakiwafika kidevuni.

Mwanaharusi alikumbuka Kalimoni. Alikitazama kitufe cha kurekodi, akakiepuka kama nyoka, akabonyeza cha kucheza. Kikaitika. "Watoto wapendwa, hamjambo?" ilisema redio, na watoto wakajibu hatujambo, na kule nyuma Bwana Mbaluka akanyoosha tai kwa fahari. Mwanaharusi akausogeza mkono wake kwenye kitufe cha sauti, akangoja.

Kahawa ikachumwa. Kahawa ikapelekwa kiwandani. Sauti ikaanza kulegea. "Ikaaa... meee... nywaaa..." Ikavuta pumzi ndefu ya ng'ombe, ikanyamaza. Taa nyekundu ikafifia, ikazimika.

Hofu ilimshika, kisha, ajabu, na furaha. Mashine imekufa, ndiyo, na alama za mashine zimekufa nayo. Lakini imekufa kabla ya kikohozi! Angalau aibu ya chai imepita. Akafungua mdomo aseme, "Basi, watoto, tuendelee bila redio."

Hakuwahi. Watoto walikuwa wameshaendelea bila redio. Darasa zima, wameketi wima, mikono juu ya madawati, macho mbele, lilishika pale pale betri zilipoachia: "...ikamenywa, ikaoshwa, ikaanikwa." Kwa sauti ya Bwana Mbaluka. Polepole, vizuri, na tai. Wakafika. Wakakohoa wote kwa pamoja, kile kikohozi kifupi.

"Hapana," alisema Mwanaharusi, kwa kunong'ona.

"Baba Mukonyo!" wakapaza wasichana wa upande wa dirisha. "Si nimesema chai inapoa!"

"Nakuja, mama," wakajibu wavulana, laini kabisa. "Nakuja tu. Usikasirike."

Halafu wakanyamaza, kwa sababu kwenye kaseti hapo pana kimya, na wao walikiweka. Mwanaharusi alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na chupa ya babake. Hakuthubutu kutazama kule nyuma. Alipotazama, Bwana Mbaluka alikuwa ameficha uso ndani ya faili, na masikio yaliyobaki nje yalikuwa yamebadilika rangi.

"Baada ya kuanikwa, kahawa hutiwa guniani," walimalizia watoto, wakangoja kusifiwa.

Bi Wamboi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwalimu," alisema, "naweza kuuliza swali?"

"Uliza, Madam." Nini kingine angesema?

"Haya, watoto. Kwa nini kahawa huchumwa ikiwa nyekundu?"

Watoto wakatazamana. Swali hilo halikuwamo kwenye kaseti. Walijua kila neno la Safari ya Kahawa, mpaka pumzi, na hakuna aliyenyoosha kidole. Mwanaharusi alihisi machozi yakimpanda, na hasira pia, hasira ya mtu aliyeshughulika kubonyeza asipate nafasi ya kufundisha. Wiki ngapi amewachezea sauti ya mtu mwingine? Yeye mwenyewe aliwauliza nini?

Akaisukuma redio mwisho wa meza. Kama ni kuanguka, basi aanguke akifundisha.

"Nani aniambie," alisema, "huyu Baba Mukonyo anasoma habari za kahawa. Mbona nyumbani kwake kuna chai?"

Vicheko kwanza. Kisha mkono mmoja, kisha mingi. Zacharia, mrefu wa nyuma, aliyenyang'anywa dawati na wageni, alisema akiwa amesimama ukutani: "Ticha, kahawa si ya kunywa. Kahawa ni ya kuuza. Ya kunywa ni chai."

"Nani amekwambia?"

"Kila mtu, ticha! Sisi tunachuma kila likizo, na hakuna siku nimeona mtu akikunywa."

"Inaenda ng'ambo," alisema mwingine.

"Ukichuma kijani unafukuzwa," akaongeza mwenzake, "juu kijani haijaiva, inaharibu gunia yote." Na hivyo swali la Bi Wamboi likajibiwa bila mtu kuligundua, isipokuwa Bi Wamboi, aliyeandika kitu.

"Nani hapa," aliuliza Mwanaharusi, "amewahi kunywa kahawa?"

Dirishani, ng'ambo ya ua wa shule, mibuni ilikuwa imejipanga mistari mpaka mwisho wa macho. Ndani, hakuna mkono ulioinuka. Watoto waliozaliwa katikati ya kahawa, waliojua harufu ya maua yake na uzito wa debe lake!

Gathoni, msichana wa dawati la mbele, ambaye mamake alikuwa mchumaji wa shamba lile, akauliza polepole: "Ticha, kwani iko aje?"

Swali kama hilo redio haiwezi. Wala Bwana Mbaluka hangeliweza, mtu wa chai. Mwanaharusi aliinama kwenye kikapu chake akaitoa chupa ya buluu. Kula na kunywa darasani kumekatazwa, alijua, na mkaguzi alikuwa pale pale akitazama. Akakifungua kifuniko. Harufu ya baraza la Majengo, na tangawizi ya Mzee Rama, ikajaa darasa la sita.

Kifuniko kilichojazwa kahawa kilipita dawati kwa dawati, kila mtu akionja kidogo tu mdomoni. Nyuso walizokunja! Mmoja alitoa ulimi nje. "Wî, ni chungu!" alilia msichana wa dirishani. "Hii ni dawa!" Mwanaharusi akawaambia watafute maneno ya kusema ladha hiyo, na maneno yakaja, mengine ya Kiswahili sanifu, mengine hayajui kamusi wala hayataki kuijua, na yeye akayaandika ubaoni yote.

Gathoni alionja mwisho. Hakukunja uso. Aliishika kahawa mdomoni, akameza, akatazama ndani ya kifuniko.

"Kumbe ni hii," alisema. "Ni hii mama huamkia."

Kalamu ya Bi Wamboi ilisimama.

"Ndiyo hii," alisema Mwanaharusi.

"Na kuna mtu anaipenda?"

"Babangu. Anaiuza Thika, pale Majengo. Watu wanakuja jioni, wanaketi, wanakunywa, wanapiga stori, na wakimaliza wanasema alhamdulillahi."

Gathoni alifikiri. "Basi nitamwambia mama," alisema. "Nitamwambia kuna watu Thika wanaipenda." Akarudi kuketi, na uso wake ulikuwa umekunjuka kama wa mtu aliyeletewa salamu kutoka mbali.

Uani, baada ya kengele, Mwanaharusi alisimama mbele ya wakubwa wake wawili, chupa mkononi. Bi Wamboi hakuwa na haraka.

"Bwana Mbaluka," alisema, "niambie. Zana iliyofanya kazi leo ni gani?"

Bwana Mbaluka akakohoa, akajutia kukohoa. "Redio, Madam."

"Redio ilikufa."

"Basi... sauti yangu."

"Na wewe ulikufa, nilikuona." Akamgeukia Mwanaharusi. "Wewe umepita. Lakini kwanza ulinikasirisha. Hao watoto ulikuwa umewafanya kaseti. Mashine ikianza kusema, mwalimu naye huwa na kazi ya kuuliza. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Madam." Na alielewa kweli, ndiyo maana alilia, akifuta machozi kwa kitambaa chenye maua mekundu cha redio, na Bwana Mbaluka hakumkemea.

Alimsindikiza mpaka langoni, yule bwana, akiubeba mwenyewe mzigo wake wa teknolojia. "Mama Mukonyo asijue," alisema hatimaye.

"Hatajua, mwalimu."

"Na hiyo kahawa... ilibaki?" Mwanaharusi akamkingia tone la mwisho. Akalinywa, akakunja uso kuliko mtoto yeyote wa darasa la sita, akasema chai yake ni afadhali. Lakini muhula uliofuata, wanachuo wanasema, mchoro wa ubaoni ulifutwa, kabati likafunguliwa, na kila mmoja alibonyeza redio ya kweli mpaka betri zikaisha. Zilipoisha ndipo Bwana Mbaluka alipowaambia, "Haya. Sasa fundisheni."

Jioni ya siku ile ya ukaguzi Mwanaharusi alifika barazani Majengo wateja wakiwa wamejaa. Alimwambia babake yote, na Kalimoni pia, kwa sababu sasa aliweza. Mzee Rama alisikiliza habari ya kuanguka huku akiosha vikombe, na habari ya kupita akaisikiliza hivyo hivyo. Mwanaharusi alipofika kwenye habari ya Gathoni na mamake, mzee aliacha kuosha vikombe.

Alfajiri yake, chupa zilikuwa mbili mezani. Moja ya buluu, ya kila siku. Nyingine ilikuwa ile kubwa ya wageni, ambayo haikuwahi kutoka nje ya nyumba.

"Mwalimu," alisema Mzee Rama, akiifunga kifuniko kwa nguvu. "Hii mpelekee mama yake Gathoni. Mwambie nimetia sukari."